Mstari Juu ya Mtulinga

Nyumbani kwao Namalwa, mtaani Woodley, mtoto hakutoka nje akiwa amepauka. Hiyo ilikuwa sheria ya Mama na haikuwa na rufaa. Ungeweza kusahau daftari, ungeweza hata kuchelewa gwaride, lakini kabla hujavuka kizingiti ilikuwa lazima Mama akukague magoti, viwiko na nyuma ya masikio, kisha achote mafuta kwenye mkebe na kukusugua mpaka ung'ae. "Watu watasema huna mama," alikuwa akisema. Namalwa alilalamika kwamba mafuta hayo yalikusanya vumbi lote la Barabara ya Ngong. Mama alimjibu kwamba vumbi huoshwa, lakini maneno ya watu hayaoshwi, na akaendelea kusugua.

Mwaka wa 2006 mambo yaligeuka. Mwezi wa Machi Mama alifanyiwa upasuaji wa titi la kushoto, na tangu hapo Namalwa, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu, ndiye aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi kukinga maji kabla mfereji haujakauka. Ndiye aliyechemsha chai na kumwamsha baba yake, Tobias, fundi seremala aliyetengeneza vitanda na makabati kando ya Barabara ya Ngong. Ndiye aliyemshika Mama mkono kwenda bafuni siku zile ambazo dawa ya dripu ilimwacha hoi. Dawa hiyo ilimnyonyoa Mama nywele zote, hata nyusi. Mama alijifunga kitambaa kichwani, akasema afadhali, maana msusi wake alikuwa na mikono ya chuma.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa saratani. Baba alilitaja neno hilo waziwazi, kama anavyotaja aina ya mbao. Mama alilitaja kwa kunong'ona, tena pale tu alipolazimika. Wakati wa upasuaji madaktari walitoa titi pamoja na baadhi ya tezi za kwapani, wakakuta saratani ilikuwa imeshaingia kwenye tezi hizo. Ndiyo maana, baada ya dripu, daktari aliagiza hatua ya tatu, yaani tiba ya mionzi. Mama aliandikishwa mwezi wa Juni. Wagonjwa walikuwa wengi na mashine ilikuwa moja, hivyo zamu yake ilifika Agosti, shule zikiwa zimefungwa na baridi ya Nairobi ikipenya hadi kwenye mifupa.

Alhamisi moja Namalwa alimsindikiza Mama hospitalini. Siku hiyo haikuwa ya kutibiwa bado, ilikuwa siku ya kupanga. Namalwa aliketi kwenye benchi la ukumbini kwa karibu saa moja na nusu, akajiuliza kupanga gani huko kunakochukua muda kuliko kupika maharagwe.

Mama alipotoka, alitembea polepole huku akiukanda mkono wa kushoto.

"Wamenilaza chali kwenye meza ngumu kama kaunta ya bucha," alisema. "Mkono juu ya kichwa, hivi, muda wote. Wakapiga picha, wakapima, wakapiga tena. Nikipumua kwa nguvu naambiwa, Mama, tulia."

Nyuma yake alikuja Bi. Kavata, mtaalamu wa mionzi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwendo wa kasi, ambaye wagonjwa wote walimwita daktari naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alimfunulia Namalwa ukosi wa blauzi ya Mama kidogo. Mistari ya zambarau ilikuwa imechorwa kwa wino kwenye ngozi. Mmoja ulishuka katikati ya kifua, mwingine ulipita chini ya kwapa, na wa juu kabisa ulipita juu ya mtulinga, mfupa ule unaojitokeza chini ya shingo.

"Wewe ndiye muuguzi wa nyumbani?" Bi. Kavata aliuliza.

"Ndiyo, Daktari."

"Basi sikiliza vizuri. Mistari hii ndiyo inayotuonyesha mahali pa kuelekeza mionzi. Jumatatu tutaanza, na mama yako atakuja siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Mpaka tumalize, maji yasiguse hapa, wala sabuni. Mpanguze mikono na miguu, lakini hapa paache kama palivyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Nitampanguza vizuri."

Na kweli alimpanguza vizuri, Ijumaa na Jumamosi, kwa kitambaa na beseni la maji ya vuguvugu, akiikwepa mistari ile kama mtu anayekwepa saruji mbichi. Taabu ilikuja Jumapili alasiri. Baba alikuwa kwenye kikao cha wanaume kanisani. Mama aliketi kitandani akijitazama kwenye kioo kidogo cha mkononi. Shingo na mabega yake yalikuwa yamepauka, yamefanya magamba meupe kwa baridi na dawa.

"Hebu nione," Mama alisema. "Mimi niliyekuwa nawasumbua wenzangu. Kesho nitaenda mbele ya madaktari nikiwa kama niliyetoka kuchekecha unga." Alicheka kidogo, kisha akakiweka kioo kifudifudi juu ya kitanda. Akajilaza, akajifunika leso, na usingizi wa uchovu ukamchukua mara moja.

Namalwa alibaki amesimama pale na moyo ukimuuma. Alikuwa amemwona Mama akitapika, alikuwa amemwona bila nywele, lakini hakuwahi kumwona akikwepa kioo. Alimpenda mno wakati huo, akatamani kumfanyia jambo. Macho yake yakaenda kwenye mkebe wa mafuta uliokuwa dirishani. Maji hapana, alijikumbusha, na sabuni hapana. Mafuta hakuna aliyeyataja.

Akaanza na mikono. Mama hakuamka. Akapanda mabegani, akapaka taratibu, na ngozi ikarudisha rangi yake nzuri ya kahawia. Namalwa alitabasamu peke yake. Alipofika shingoni alichota mafuta mengi zaidi, maana hapo ndipo palipopauka kuliko kwingine. Hakukusudia kuigusa mistari. Lakini mafuta yakipata joto la mwili huyeyuka, na yakiyeyuka hayamwulizi mtu njia. Tone moja lilianza kuteremka kuelekea mtulingani. Namalwa akashtuka, akashika pembe ya leso, akafuta upesi.

Leso ilitoka na rangi ya zambarau. Pale palipokuwa na mstari wa juu palibaki vipande viwili vifupi, kimoja karibu na bega na kingine karibu na koo. Katikati palikuwa pametakata na kung'aa.

Namalwa akaichukua ile leso, akaikunja na kuificha chini ya nguo chafu, akamfunika Mama kwa leso nyingine. Halafu akatoka mbio kwenda nyumba ya pili, kwa rafiki yake Debra.

"Sasa?" Debra alisema mlangoni, mdomo umejaa mkate.

"Poa. Ile kalamu yako ya felti, ya zambarau, iko?"

"Iko. Kwani unachora nini likizo hii?"

Namalwa alijaribu kudanganya, akashindwa, akamweleza yote. Debra aliacha kutafuna.

"Aki wewe! Si umwambie tu mama yako?"

"Nikimwambia itabidi wapange upya. Alingoja tangu Juni, Debra. Wakimwambia arudi nyuma ya foleni itakuwaje?"

Debra alifikiri, na kama ilivyo kawaida ya marafiki, alimpa ushauri ule aliokuwa akiutafuta. "Basi chora tu. Rangi ni ileile. Nani atajua?"

Namalwa alirudi na felti mkononi. Alichukua pia futi ya Baba, ule utepe wa chuma wa kupimia mbao. Tangu utotoni alikuwa akimshikia Baba upande mmoja wa utepe huo, na alijua kuunganisha alama mbili bila kupotoka. Alipima kutoka kipande hiki hadi kile, akaweka nukta, akapima tena, akashusha pumzi, akachora. Mstari ulitoka umenyooka. Mtu asiyejua angesema umechorwa na mkono uleule. Namalwa alijipongeza kimoyomoyo, lakini pongezi zile hazikumkaa. Jioni Baba alileta maandazi, naye alikula moja tu na kusema ameshiba. Mama alimtazama, akamwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama ana homa.

"Wewe ndiwe uliyenipaka mafuta?" Mama aliuliza.

"Mikono na mabega," Namalwa alijibu.

"Asante, mama. Nilijihisi kama mtu tena."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kuchapwa.

Jumatatu asubuhi Baba aliwasindikiza hadi lango la hospitali, kisha akaenda kumalizia kabati la mteja wa Spring Valley aliyekuwa akimpigia simu kila baada ya nusu saa. Ukumbini walimkuta bibi mmoja mwenye sweta la kijani, aliyejitambulisha kuwa Nyanya Waithera wa Muthangari. Yeye pia alikuwa anaanza mionzi wiki hiyo, na zamu yake ilifuata ya Mama.

"Hannah, una bahati," Nyanya Waithera alimwambia Mama baada ya kuulizana majina. "Mimi niliugua mafua siku yangu ya kupangwa, nikaambiwa nipone kwanza. Nimekaa wiki mbili nikingoja nafasi nyingine. Hapa zamu ukiipata, ishike kwa mikono miwili."

Namalwa alisikia kila neno. Akaikaza mikono yake katikati ya magoti.

Bi. Kavata alitokeza akiwa na faili. "Mama Namalwa, jiandae, dakika chache tu. Na muuguzi wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri, Daktari." Namalwa alisita. "Daktari, ile mistari ... ikisogea kidogo, kuna shida?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama kidole."

Bi. Kavata hakuwa mtu wa kumjibu mtoto kwa mkato. Aliketi kwenye ukingo wa benchi.

"Mwilini tuna tezi ndogondogo, nyingine kama punje za maharagwe. Kazi yake ni kunasa uchafu na magonjwa. Mama yako alikuwa na saratani kwenye tezi za kwapani. Sasa, kutoka kwapani ugonjwa huu hupenda kupanda kwenye tezi zilizo hapa juu ya mtulinga, nasi hatuwezi kuziona kwa macho. Kwa hiyo tunapitisha mionzi kifuani na hapa juu pia. Lakini hapa chini upande wa kushoto kuna moyo, na kuna pafu. Mionzi haichagui, inaunguza inachokikuta. Ndiyo maana daktari na wenzangu wamekaa na picha za mama yako siku nzima ya Ijumaa wakipiga hesabu. Kidole kimoja kinaweza kuacha ugonjwa nje, au kuunguza kisichopaswa kuunguzwa." Akasimama. "Lakini usiwe na wasiwasi. Ramani tunayo, imechorwa mwilini mwake."

Akaingia ndani. Ramani ile ilikuwa ya felti ya Debra.

Mama alipoitwa, Namalwa aliruhusiwa kuingia kumsaidia kuvua blauzi, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa mgumu kuinuka. Chumba kilikuwa baridi. Mashine ilikuwa kubwa na yenye kichwa kizito kilichoinama juu ya meza nyembamba. Mama alilala, Bi. Kavata akauinua mkono wake juu ya kichwa na kuulaza kwenye kiegemeo. Taa ikawashwa, mwanga ukaanguka kifuani.

Hapo Namalwa akaona jambo ambalo hakulitarajia. Mkono ulipoinuka, ngozi ilivutika nao. Vile vipande viwili vya wino wa zamani vilipanda juu, na mstari wake, ule alioupima kwa futi Mama akiwa amelala na mkono chini, ulijipinda kati ya vipande hivyo kama kamba iliyolegea. Jana ulikuwa umenyooka kabisa.

Bi. Kavata alikuwa akisoma faili. "Haya, muuguzi, nenda nje sasa. Mlango unafungwa, na humu ndani hubaki mgonjwa peke yake."

Namalwa alipiga hatua mbili. Aliifikiria miezi ya Juni na Julai, na wiki mbili za Nyanya Waithera. Kisha alimwangalia Mama, ambaye alikuwa amefumba macho na kutulia vile alivyoambiwa, akiwaamini wote waliokuwa mle chumbani. Namalwa alikuwa mmoja wao.

"Daktari, ngoja," alisema. "Huo mstari wa juu si wenu. Nimeuchora mimi."

Bi. Kavata aliinua macho. Mama alifumbua yake, lakini hakusogea.

"Wenu ulifutika jana. Nilimpaka mafuta, yakateremka, nikafuta. Halafu nikachora kwa felti. Nilipima kwa futi ya Baba. Nilidhani itakuwa sawa." Machozi yalikuwa yameanza. "Tafadhali msimrudishe nyuma ya foleni. Ni makosa yangu, si yake."

Bi. Kavata aliinama, akautazama mstari ule kwa karibu, akalinganisha na vipimo vya faili, akaweka rula yake ya plastiki shingoni mwa Mama mara mbili. Kisha akazima taa ya mashine.

"Mama Namalwa, shusha mkono upumzike. Leo hatuanzi."

Namalwa alijifunika uso. Nje Nyanya Waithera aliitwa, akaingia katika nafasi ile akimpapasa Namalwa kichwani alipompita, bila kujua kilichotokea.

Mama alirudishwa kwenye chumba cha kupangia. Daktari Muigai, mwanamume mrefu mwenye miwani, aliitwa kutoka wodini akaja na picha za Alhamisi. Mstari wa felti ulifutwa kwa spiriti. Mama alilala tena kwenye ile meza ngumu, mkono juu ya kichwa, wakampiga picha nyingine, wakapima, wakachora upya. Ilichukua asubuhi nzima. Mwishowe Bi. Kavata alimwita Namalwa, akamwonyesha kwenye picha.

"Mstari wetu ulikuwa hapa. Wako ulikuwa hapa, chini ya mtulinga. Tezi zile nilizokueleza zingebaki nje siku zote ishirini na tano."

"Kama nisingesema, ungeona?"

Bi. Kavata angeweza kumtuliza kwa uongo mdogo, lakini hakufanya hivyo. "Tuna vipimo kwenye faili, na mimi huvilinganisha. Labda ningeona. Lakini rangi ilikuwa ileile na ulichora kwa mkono mzuri, siwezi kukuapia. Ngozi si ubao, Namalwa. Ubao ukiupima leo, kesho utaukuta hivyohivyo. Mtu anapumua, anainua mkono, anakonda. Ndiyo sababu wino ukifutika, hata kidogo, tunataka tuambiwe. Kuurudisha ni kazi yetu, wala hatumpigi mtu kelele."

"Na foleni?"

"Mtu aliyekwisha kupangwa harudi nyuma ya foleni. Kesho saa nne, mje. Mmepoteza siku moja."

Siku moja. Namalwa alikuwa amelala na uongo ule kwa kuogopa miezi, na bei yake ilikuwa siku moja.

Waliketi kwenye benchi kumsubiri Baba. Tangu asubuhi Mama hakuwa amemsemesha neno, na Namalwa alikuwa akingoja kukaripiwa. Alikuwa tayari. Alitamani hata akaripiwe haraka, yaishe.

"Umenikasirikia?" aliuliza hatimaye.

"Nimekasirika, ndiyo," Mama alisema. "Lakini si nawe peke yako." Aliikunja pembe ya kitambaa chake. "Namalwa, nataka nikwambie jambo ambalo hata baba yako nilimwambia nusu. Unakumbuka Krismasi ya mwaka juzi, tulipoenda Bungoma?"

"Nakumbuka."

"Huko ndiko nilikoligusa lile donge la titi mara ya kwanza, nikioga. Lilikuwa dogo kama punje ya mahindi. Nikajiambia, nisiwaharibie watu sikukuu. Tuliporudi, nikajiambia baba yako ana kazi nyingi. Halafu wewe ulikuwa na mitihani. Kila mwezi nilipata sababu nzuri, na kila sababu ilikuwa ya kuwapenda ninyi. Nilinyamaza mwaka mzima. Nilipomwonyesha baba yako, nilimwambia nimeliona wiki hiyo."

Namalwa alimtazama bila kupepesa.

"Saratani haiji kwa sababu mtu amenyamaza," Mama aliendelea. "Ingekuja tu. Lakini daktari aliniambia kwamba ningekuja donge likiwa dogo, huenda saratani isingefika kwenye tezi, na huenda leo wasingekuwa wananichora mpaka shingoni. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo niliijua tangu shuleni, niliiandikia hata insha nikapata alama nzuri. Kuijua ni kitu kimoja, kuifuata ni kingine."

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana. Kama wewe jana. Ulinificha kwa sababu unanipenda, nami niliwaficha kwa sababu nawapenda, na mapenzi ya namna hiyo nusura yaniue mara mbili." Mama alimvuta kifuani upande wa kulia, upande usiouma. "Lakini wewe ulinyamaza siku moja, ukasema. Mimi nilinyamaza mwaka. Leo wewe umenizidi, mwanangu, na sioni haya kukwambia. Kukosea kutakuwepo tu, maana sote ni watu. Ukikosea, sema wakati bado pana mtu wa kurekebisha. Hata kama ni jambo la kuaibisha. Hata kama unadhani nitalia. Acha nilie, lakini nijue."

"Nitasema, Mama."

Baba aliwakuta wakiwa wameegemeana hivyo, wote wawili macho mekundu. Aliwauliza kama kuna mtu amefariki. Mama alimwambia aketi, naye pia ana jambo la kusikia, na safari hii atalisikia zima. Baba alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua alisema tu, "Ungeniambia, Hannah," kwa upole, akamshika mkono mpaka wakati wa kuondoka ulipofika.

Kesho yake saa nne walikuwa pale. Mistari ilikuwa mahali pake, na Namalwa alikuwa ameikagua asubuhi bila kuigusa. Mlango mzito ulifungwa, Bi. Kavata akamruhusu asimame kando yake mbele ya kioo kidogo cha televisheni kilichoonyesha chumba cha ndani. Namalwa alimwona Mama akiwa peke yake chini ya kichwa cha ile mashine, mkono umeinuliwa, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Mashine ilivuma. Ikanyamaza, Bi. Kavata akaingia kuigeuza, akatoka, ikavuma tena. Muda wote ule wa kungoja tangu Juni ulikuwa kwa ajili ya dakika hizo chache.

Mama alitoka akifunga vifungo vya blauzi. Hakuna kilichomuuma, alisema, ila baridi tu. Bi. Kavata alimwandikia kadi ya siku inayofuata, akamwuliza, kama alivyomwuliza kila mgonjwa, kama ana jambo lingine.

"Hapana," Mama alisema.

Alipiga hatua tatu kuelekea mlangoni. Kisha akasimama, akamtazama Namalwa, akageuka na kurudi.

"Liko," alisema. "Huu mkono wa kushoto. Wiki mbili sasa, jioni unakuwa mzito na pete hainipiti. Nilidhani ni kuchoka. Sijamwambia mtu."

Bi. Kavata aliweka kalamu chini. "Tezi za kwapani zikitolewa, mkono huweza kuvimba. Ukiwahiwa, una mazoezi yake na unapungua. Ukiachwa, huwa mgumu. Umefanya vizuri sana kusema. Keti, nimwite Daktari Muigai."

Mama aliketi. Akakunja mkono wa blauzi hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha ule mkono wake uliovimba kwenye mwanga wa dirisha, mahali ambapo Namalwa angeweza kuuona vizuri.